Namna ya Kugawana Mto Wakati wa Kiangazi: Mwongozo kwa Jumuiya za Watumia Maji wa Usangu na Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya viongozi wa jumuiya za watumia maji, wenyeviti wa vijiji, viongozi wa skimu za umwagiliaji na maofisa ugani wanaofanya kazi kwenye mito inayoshuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere na kumwagika katika tambarare ya Usangu, ingawa mengi yaliyomo yanaweza kutumika pia Iringa, Mufindi, Njombe na Rungwe. Hauhusu kila jambo liwezalo kusemwa juu ya mabonde ya mito. Unahusu jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linaloamua kama mto utaendelea kuwa mto: jinsi vijiji vinavyogawana maji machache yanayobaki kati ya Juni na Novemba.

Nasema hivyo kwa sababu masika hayana mgogoro mkubwa. Mvua zinaponyesha kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera hubeba maji ya kutosha mashamba, kinamasi cha Ihefu na mengine mengi yanayoteremka hadi mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Shida huja mvua zikikatika. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya mito hiyo kupitia Ihefu na ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa sababu kina cha maji cha Ihefu hushuka chini ya kizingiti cha mwamba cha Ng'iriama, na maji hayatoki tena. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitangaza azma ya serikali kwamba kufikia mwaka 2010 mto huo ungetiririka tena mwaka mzima. Mwaka 2010 ulipita na mto ukaendelea kukauka. Azma ilikuwa njema, lakini mto haufunguliwi kwa tangazo; hufunguliwa na watu wanaoshika milango ya mabanio (vizuizi vinavyoelekeza maji ya mto mferejini) huku juu, na ndio tunaozungumza nao hapa.

Fahamuni kwanza mto wenu unaishia wapi

Hatua hii huonekana ya kitoto, hata hivyo ndiyo inayoamua mlango wa ofisi gani mtabisha. Tanzania imegawanywa katika mabonde tisa ya maji, na mkoa wa Mbeya umekaa mahali ambapo matatu kati yake yanapakana. Maji ya Mbarali huenda bonde la Rufiji, ambalo bodi yake ina makao makuu mjini Iringa. Maji ya upande wa Chunya na Mbalizi huelekea Ziwa Rukwa, na bodi ya bonde hilo iko Mbeya. Maji ya Kiwira na Mbaka hushuka Kyela hadi Ziwa Nyasa. Tena kuna mito miwili yenye jina la Songwe: mmoja huingia Ziwa Rukwa, na mwingine ni mpaka wetu na Malawi na huingia Ziwa Nyasa. Barua ya maombi isemayo tu "Mto Songwe" inaweza kuzunguka ofisi kwa muda mrefu kabla ya kufika panapohusika. Kwa hiyo andikeni jina la mto, kijiji, kata, na mto mkubwa unaoupokea.

Tembeeni mto kuanzia mkiani

Desturi ya kamati nyingi ni kuanzia ukaguzi kwenye chanzo, mahali penye miti na ubaridi, ambapo picha hutoka vizuri, kisha muda huisha kabla ya kufika chini. Fanyeni kinyume chake. Mwezi Septemba au Oktoba, wakati maji yamepungua kabisa, anzeni kwenye kijiji cha mwisho kinachotegemea mto huo na mpande taratibu kuelekea juu. Wachukueni wajumbe kutoka kila kijiji, na hakikisheni wamo wanawake wanaochota maji, wafugaji, wavuvi ikiwa wapo, na angalau msimamizi mmoja wa banio. Mkiani ndiko mtakakoona kwa macho gharama ya mgao mbaya: visima vya mchangani vinavyochimbwa ndani ya mkondo mkavu, wasichana wanaochelewa shule kwa sababu ya foleni ya ndoo, na bustani zilizokauka kabla ya nyanya kuiva.

Mkiwa njiani, andikeni kila banio, kila mashine ya kuvuta maji, kila mfereji wa kienyeji na kila mahali ambapo maji yaliyotumika shambani hurudi mtoni. Hili la mwisho husahaulika sana. Skimu nyingi zina mfereji mzuri wa kuingiza maji lakini hazina mtaro wa kuyatoa, na matokeo yake maji ya ziada huishia vichakani au barabarani, yakizalisha mbu badala ya kurudi kwa jirani wa chini. Kwa kila banio jibuni swali moja: likifunguliwa lote leo, linaacha kitu mtoni au linachukua yote?

Swali hilo lina historia. Mabanio ya zamani ya magogo, mawe na nyasi yalivuja, na kuvuja kwake kulikuwa ni mgao usio na mkutano, kwa maana kila banio liliachia sehemu ya maji iende chini hata kama mwenyewe hakukusudia. Miradi ya kuboresha umwagiliaji ilipojenga mabanio ya zege yenye milango ya chuma, wakulima wa juu walipata kwa mara ya kwanza uwezo wa kuchukua kiangazi karibu kila tone. Sisemi turudi kwenye magogo, ambayo husombwa kila masika na kuwachosha watu kwa ukarabati. Ninachosema ni kwamba banio la zege bila makubaliano ya kiangazi humpa mtu wa juu mamlaka ambayo hakuna mkutano uliowahi kumpa.

Pimeni, kisha mjadili

Kikao cha maji kisicho na tarakimu hugeuka kuwa kikao cha lawama. Mnaweza kupima mto mdogo bila vifaa vya gharama. Chagueni sehemu iliyonyooka, isiyo na mawe makubwa, yenye urefu wa mita 20. Pimeni upana wa maji, kisha kina chake katika sehemu tano kutoka ukingo hadi ukingo, na mtafute wastani. Tupeni chungwa katikati ya mkondo, juu kidogo ya alama ya kuanzia, na mhesabu sekunde linazotumia kufika alama ya pili. Rudieni mara kadhaa. Chungwa linafaa kuliko jani kwa sababu huzama karibu lote na upepo haulisukumi. Zidisheni upana kwa kina kwa mwendo, kisha mzidishe kwa 0.8, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayosuguana na sakafu ya mto.

Tuchukue mfano. Upana ni mita 3, wastani wa kina ni mita 0.4, na chungwa limetumia sekunde 40 kwa mita 20, yaani mwendo wa nusu mita kwa sekunde. Mtapata mita za ujazo 0.48 kwa sekunde, ambazo ni lita 480 kwa sekunde. Si kipimo cha maabara, lakini kikifanywa mahali palepale, kwa njia ileile, kila wiki, kinatosha kuonyesha mwenendo wa mto na kumnyamazisha mtu anayedai kuwa maji "yapo tele".

Sasa linganisheni tarakimu hiyo na mahitaji. Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha chini cha lita 25 kwa mtu kwa siku. Kijiji cha watu 3,000 kinahitaji basi lita 75,000 kwa siku, ambazo zikigawanywa kwa sekunde za siku nzima hazifiki lita moja kwa sekunde. Ng'ombe mmoja tumkadirie lita 40 kwa siku. Ng'ombe 2,000 watakunywa lita 80,000, nao hawafiki lita moja kwa sekunde. Lakini shamba la mpunga kwa kawaida hukadiriwa kuhitaji kati ya lita 1 na 2 kwa sekunde kwa kila hekta. Kwa maneno mengine, kijiji kizima pamoja na mifugo yake hunywa maji yanayolingana na hekta moja au mbili za mpunga.

Hesabu hii isomwe kwa sauti katika kila kikao cha bonde. Inaondoa uzushi uliodumu kwa miaka mingi kwamba ng'ombe ndio wanaomaliza mto kwa kunywa. Mifugo ina madhara yake, nitayagusa hapo mbele, lakini kukausha mto kwa vinywa vyao si mojawapo. Mwaka 2006 wafugaji wengi waliondolewa Usangu na makundi yao, na mwaka 2008 eneo la Ihefu likaingizwa katika Hifadhi ya Ruaha. Mto haukurudi kutiririka mwaka mzima kwa hatua hizo, kwa sababu mashamba ya juu yaliendelea kuchukua maji ya kiangazi kama kawaida. Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia kwamba kumpa mtu wa mkiani maji ya kunywa hakumnyimi mkulima wa juu chochote cha maana. Kuna jambo moja tu la kuzingatia: mchanga wa mto mkavu hunywa kwanza. Ili lita chache zifike kijiji cha mwisho itabidi mwachie nyingi zaidi, na kiasi hicho mtakijua kwa kujaribu, mkifungua maji na kumweka mtu chini aangalie yamefika saa ngapi na kwa wingi gani.

Kugawana

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa kipaumbele: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili maji yanayopaswa kubaki mtoni kwa ajili ya mazingira, ndipo matumizi mengine kama umwagiliaji, umeme na viwanda yafuate. Wengi hupinga hilo la pili wakidhani maana yake ni kumpendelea kiboko dhidi ya mwanadamu. Lakini maji yanayobaki mtoni ndiyo hayohayo yanayojaza visima vya kijiji cha chini, yanayohifadhi samaki, na hatimaye yanayofika kwenye bwawa la Mtera, ambako mitambo ya megawati 80, pamoja na ile ya Kidatu yenye megawati 204, imekuwa ikiyasubiri kwa miongo kadhaa.

Njia rahisi ya kugawana maji wakati wa masika ni kila banio kuchukua kiasi chake kilichoandikwa katika kibali cha kutumia maji. Kiangazi njia hiyo huvunjika, kwa sababu vibali hutaja lita, ilhali mto hauna tena lita hizo. Wa juu akichukua kiasi chake halali chote, wa chini hubaki na karatasi. Kwa miezi hiyo kubalianeni juu ya sehemu badala ya lita: mathalani nusu ya maji yanayofika kwenye banio iende mferejini na nusu ipite, vyovyote maji yatakavyokuwa. Mahali ambapo maji ni kidogo mno kugawanyika, tumieni zamu, huku mabanio ya juu yakifungwa kwa siku zilizotajwa ili mkupuo mmoja wenye nguvu ufike chini kabla mchanga haujaumaliza. Zamu ya usiku na mchana haifai kwa mito mirefu, kwa kuwa maji hufika mkiani asubuhi na wakati huo mlango wa juu umekwisha funguliwa.

Ipo njia ya kuwafanya watu waone jambo hili kabla hawajagombana, nayo ilizaliwa hapahapa Usangu. Mtafiti Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, pamoja na wenzake waliokuwa wakifanya utafiti katika bonde hili, walibuni mchezo wa ubao ulioinama, wenye mfereji wa kati unaowakilisha mto. Gololi huachiwa juu ziporomoke kama maji, wachezaji huweka vijiti vidogo kandokando kama mabanio, na gololi zinazokingwa huangukia katika vishimo ambavyo ni mashamba. Fundi seremala yeyote wa Rujewa au Igurusi anaweza kuutengeneza. Wakalisheni watu wa juu upande wa mkiani na wa mkiani upande wa juu. Mwachie kila mmoja acheze kwa faida yake mwanzoni, kisha mpunguze gololi kana kwamba ni Oktoba, na mwishoni waombeni wapange vijiti upya kwa kuafikiana. Mchezo usichukuliwe kuwa burudani ya kufungulia kikao. Mpango wa vijiti uliofikiwa ubaoni ndio uandikwe mara moja kuwa rasimu ya makubaliano ya mabanio, wakati watu bado wameukubali.

Jumuiya na karatasi zake

Sheria hiyohiyo ya 2009 inaruhusu watumiaji wa chanzo kimoja kuunda jumuiya inayosimamia mgao, kulinda chanzo, kukusanya ada, kuomba vibali na kusuluhisha migogoro. Muundo ufuate mto wala si mpaka wa kata. Katibani andikeni kwamba kijiji cha mkiani kina mjumbe wa kudumu katika kamati tendaji, na kwamba mwenyekiti na mweka hazina hawatoki sehemu moja ya mto. Skimu zinazotumia banio moja huwa pia na uongozi wao chini ya Sheria ya Umwagiliaji ya mwaka 2013, na hapo mipaka ya kazi iwekwe wazi: uongozi wa skimu unagawa maji ndani ya mifereji, jumuiya inagawa maji ya mto. Mahali ambapo vyombo hivi viwili vinachanganywa, wakulima huchangishwa mara mbili na hatimaye hawatoi kabisa.

Punguzeni kiu ya mashamba

Mgao hautadumu kama mahitaji hayapungui. Jambo la kwanza ni tarehe ya vitalu. Wakulima huanza vitalu vya mpunga kabla ya mvua ili wauze mapema mchele ukiwa na bei, na kwa ajili ya kitalu kidogo huvuta mfereji mzima wa maji kilomita kadhaa. Kubalianeni vitalu viwe pamoja, karibu na mfereji mkuu, na vianze kwa siku zinazokaribiana. Jambo la pili ni kilimo shadidi cha mpunga, ambapo miche ya siku 8 hadi 12 hupandikizwa mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na majaruba (vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa matuta) huachwa yakauke kidogo kabla ya kutiwa maji tena badala ya kufurikishwa msimu wote. Hudai palizi zaidi na usawazishaji mzuri wa jaruba, kwa hiyo familia isiyo na nguvu kazi isilazimishwe. Waanze na jaruba moja.

Hapa ipo hatari ambayo miradi mingi haiisemi. Mkulima akiokoa maji kwa kilimo bora, jambo la kwanza atakalofanya ni kupanua shamba, na mto hautaona hata lita moja. Kila makubaliano ya kuboresha skimu yataje ukubwa wa mwisho wa eneo litakalomwagiliwa kiangazi, na yataje kuwa maji yaliyookolewa yanabaki mtoni.

Kingo, vinyungu na mifugo

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto shughuli za kudumu za binadamu au zile ambazo kwa asili yake zinaathiri hifadhi ya ukingo. Katika Iringa na Njombe katazo hilo limegongana na vinyungu, bustani za mabondeni zinazolisha familia kiangazi na kulipa ada za shule. Operesheni ya kung'oa mazao kwa siku moja huzaa uadui na vinyungu vya usiku. Ni bora jumuiya ipime mita hizo pamoja na wenye bustani, iweke alama, iruhusu mazao yaliyopo yavunwe, na iwape waliopoteza eneo kipaumbele cha viwanja katika skimu au cha miche na mizinga ya nyuki. Mjane mwenye kinyungu kimoja hayuko sawa na mwenye mashine tatu za kuvuta maji. Aanze huyu wa pili.

Katika eneo lililoachwa pandeni mivengi, mikuyu na miti mingine ya asili ya mabondeni. Milingoti (mikaratusi) iliyopandwa juu ya chemchemi iondolewe taratibu, kwa awamu, maana hunywa maji mengi; ibaki vilimani mbali na vyanzo, ambako mbao zake zina soko.

Kwa upande wa mifugo, tatizo ni kwato. Kundi linaloshuka mtoni kila mahali hubomoa kingo na kujaza mkondo mchanga. Tengeni mapito yanayojulikana katika mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, na mjenge mabirika au malambo nje ya ukingo. Wafugaji wakae kwenye kikao kinachochora mapito hayo, kwa kuwa pito lililochorwa na wakulima peke yao huishia kwenye jaruba la mtu ifikapo Februari.

Ugomvi na daftari

Sheria ndogo za kijiji kuhusu mgao na kingo hupita kwanza katika mkutano mkuu wa kijiji, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya; kabla ya hapo faini yoyote mtakayotoza inaweza kupingwa. Zipangeni kwa ngazi: onyo, kukosa zamu moja, faini, ndipo mahakama. Kukosa zamu humuuma mkulima kuliko fedha, na hakuhitaji risiti. Mgogoro kati ya vijiji viwili upelekwe jumuiya, ukishindikana uende bodi ya bonde, nao uwe na vipimo vyake.

Kwa sababu hiyo kila banio liwe na daftari moja linaloshikwa na msimamizi wake na kukaguliwa kila mwezi na mjumbe wa kijiji cha chini. Liandikwe tarehe, kina cha maji mtoni, mlango umefunguliwa kiasi gani, nani aliufungua na saa ngapi. Nakala ya kila mwezi ipelekwe ofisi ya bonde kabla ya kikao cha mgao, ambacho kifanyike Mei, mashamba yakiwa bado na maji na watu wakiwa bado wanasikilizana.